Kupunguza Uzito Ukiwa na Magoti Mabovu, Mgongo Mbaya au Kiti cha Magurudumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mama mboga wa Kangemi ambaye magoti yamegoma, dereva wa matatu aliyeumia mgongo, kijana wa Kayole anayetumia kiti cha magurudumu tangu ajali ya bodaboda, mzee aliyepatwa na kiharusi upande wa kushoto: wote huambiwa hospitalini "punguza uzito", kisha hutoka bila kuelezwa watapunguzaje ilhali mwili hauwaruhusu kukimbia. Kazi yangu ni fiziotherapia, na maswali yaliyo hapa ndiyo ninayosikia kila wiki. Nimeyajibu nikiwaza chakula tunachokula Nairobi na nyumba tunazoishi.

Siwezi kukimbia, hata kutembea ni shida. Kweli nitapungua?

Utapungua. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kwenye sahani. Mtu wa kilo 80 akitembea nusu saa kwa mwendo wa kawaida hutumia kalori 140 hivi. Chapati moja iliyonyweshwa mafuta inazidi hapo. Kwa hiyo asiyeweza kutembea hajanyimwa njia kuu ya kupungua; bado iko jikoni kwake.

Mazoezi yana kazi yake, nayo ni kubwa. Ukipunguza chakula bila kutumia misuli, mwili huyeyusha mafuta na misuli pia. Mwenye miguu mizima huenda asihisi upesi. Lakini kama tayari unashika meza ndipo uinuke kitini, huna misuli ya kupoteza. Chakula kinashughulikia kilo; mazoezi yanalinda nguvu, yanashusha presha na sukari, yanaleta usingizi. Asiyetofautisha haya mawili, akidhani jasho ndilo litakaloondoa kitambi, hujiumiza bure na kukata tamaa mapema.

Nipunguze kilo ngapi?

Anza na asilimia 5 ya uzito wako. Mwenye kilo 90 atafute kilo nne na nusu kwanza. Ni kidogo, najua, na mtaani hakuna atakayekusifu. Lakini kati ya asilimia 5 na 10 ndipo presha na sukari huanza kushuka kwa namna inayoonekana kliniki. Na kwa wenye magoti kuna hesabu nzuri zaidi: utafiti wa wazee wenye ugonjwa wa magoti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja inayotoka mwilini hupunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Kilo tano chini, goti limetuliwa kilo ishirini kila unapokanyaga.

Mwendo wa nusu kilo kwa wiki unatosha. Anayetumia kiti cha magurudumu atakwenda polepole zaidi ya hapo, na hilo si kosa lake.

Nile nini? Kila mtu ananiambia jambo tofauti.

Gawa sahani: nusu yake mboga, robo chakula cha kujenga mwili, robo ugali, wali, viazi au chapati. Ugali uwe kama ngumi yako. Kwa wengi wetu sahani iko kinyume, ugali mlima na sukuma pembeni kama ya kuonja, kwa hiyo badiliko la kwanza ni kugeuza sahani hiyo hiyo bila kununua kitu kipya.

Mboga tunazo: sukuma wiki, managu, terere, kunde, kabeji, na kachumbari kando. Za kujenga mwili zisizofilisi mfuko ni ndengu, maharagwe, omena, mayai na maziwa lala. Usiziruke hizi ukitaka kupungua haraka, maana ndizo zinazolinda misuli na ndizo zinazokushibisha hadi jioni. Githeri ni chakula kizuri sana mradi mahindi yasizidi maharagwe na mafuta yawe haba.

Hapo kwenye mafuta nakaa kidogo, kwa sababu ndipo kilo nyingi za Nairobi zinapojificha. Nusu lita ya mafuta ya kupikia ina kalori zaidi ya 4,000. Tuseme nyumba ina watu wanne, na chupa hiyo inaisha kwa siku tatu. Kila mmoja amekula zaidi ya kalori 300 za mafuta matupu kila siku, kabla hatujahesabu ugali wala nyama. Mkono unaomimina kutoka kwenye chupa hauna kipimo. Chukua kijiko kikubwa cha mezani, kile cha kulia wali, na upime: kimoja kina kalori kama 120. Sufuria ya sukuma ya watu wanne hupikika vizuri kwa vijiko viwili ukiweka nyanya za kutosha, funika, moto mdogo. Andika tarehe kwenye chupa siku unayoifungua. Ikianza kudumu wiki nzima badala ya siku tatu, wote mlio nyumbani mtapungua hata kabla hamjafanya zoezi.

Chai ni ya pili. Vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vya chai vitatu vya sukari, ni kalori karibu 190. Punguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, ulimi utazoea. Soda ya nusu lita huwa na sukari takribani gramu 50. Hiyo iache kabisa. Juisi usiihesabu kama tunda. Kula chungwa lenyewe.

Ugali wa unga usiokobolewa unapunguza uzito?

Peke yake haupunguzi. Una nyuzinyuzi zaidi, unashibisha, na kwa mwenye sukari ni bora kuliko ule mweupe. Lakini kalori zake hazitofautiani sana. Nimeona wengi wakibadilisha unga kisha wakaongeza kipande, kwa kuwa "huu ni wa afya". Kipimo ni kile kile, ngumi moja. Na hivyo hivyo kwa nduma, viazi vitamu na mihogo: ni vyakula vizuri vinavyochukua nafasi ya ugali, visiongezwe juu yake.

Mchana nakula kibandani. Nitajipangaje?

Agiza ndengu au maharagwe, mboga mara mbili na chapati moja. Wauzaji wengi hawaoni shida kukupa ugali nusu ukisema mapema. Mayai ya kuchemsha ya kando ya barabara yenye kachumbari ni chakula kizuri cha saa kumi. Smokie, mutura wenye mafuta na chipsi viwe vya siku mojamoja. Beba maji yako.

Goti langu limeisha. Nikifanya mazoezi si nitalimaliza kabisa?

Hofu hii imewaketisha watu wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Gegedu la goti, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji yanayosukumwa goti likikunjwa na kukunjuliwa. Na misuli ya paja ikidhoofika, mzigo wote unaangukia mifupa. Goti lenye ugonjwa wa kawaida wa kuchakaa linahitaji mazoezi yenye kipimo.

Anza umekaa. Nyoosha mguu mmoja mbele hadi paja likaze, hesabu tano, shusha taratibu. Mara kumi kila mguu. Kisha kuinuka kitini: kiti kigumu kisicho na magurudumu, mgongo wake umeegemea ukuta, kanyaga miguu yote miwili, inama mbele kidogo, simama, kaa polepole. Ukishindwa, ongeza mto juu ya kiti ili kiwe juu zaidi. Ukiwa na nguvu, ondoa mto. Kwangu mimi hilo ni zoezi la kwanza kwa kila mtu, kwa sababu ndilo unalolihitaji chooni, kitandani na unaposhuka matatu.

Kutembea kugawanywe. Dakika kumi asubuhi, kumi mchana na kumi jioni ni sawa na nusu saa, na goti halitafura. Shika fimbo mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma. Wengi huishika upande usiofaa.

Kanuni ya maumivu: kwenye kipimo cha sifuri hadi kumi, maumivu ya tatu au nne wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kesho yake saa kama hiyo goti limerudi kama lilivyokuwa. Kama limezidi, punguza kipimo nusu, usiache kabisa. Goti lililovimba na kuwaka moto, linalokwama, au linalokuachia ghafla hadi unaanguka, lipeleke hospitali kwanza.

Ukipata bwawa la kuogelea, litumie, hata kama hujui kuogelea. Maji yakifika kifuani hubeba zaidi ya nusu ya uzito wako. Tembea tu ndani, huku na huku, upande wa kina kifupi. Chagua saa za jua. Maji ya asubuhi mwezi wa Julai hapa kwetu hukaza viungo.

Natumia kiti cha magurudumu. Mazoezi gani yananifaa?

Misuli mikubwa ya mwili iko mapajani na makalioni. Isipofanya kazi, mwili unahitaji chakula kidogo kuliko wa mtu wa umri wako anayetembea. Hilo watu hawaambiwi: ukila kiasi kile kile ulichokula kabla ya ajali, utanenepa bila kosa lolote jipya. Ndiyo maana kwako sahani ni muhimu maradufu.

Kwa mazoezi, linda mabega. Kusukuma magurudumu kutwa hukaza kifua na mbele ya bega, na bega likiharibika umepoteza mikono na miguu kwa pamoja. Mazoezi yako mengi yawe ya kuvuta. Nenda kwa fundi wa baiskeli ukanunue tyubu kuukuu. Huwa bei ya chini sana. Ioshe, ikate upande wa valvu ili uwe na ukanda mrefu, uzungushe kwenye chuma cha grili ya dirisha kwa kimo cha kitovu chako. Funga breki za kiti. Shika ncha zote mbili, vuta viwiko nyuma karibu na mbavu, bana mabega kana kwamba unashika penseli kati yake, rudisha polepole. Mara kumi hadi kumi na mbili, pumzika, rudia. Tyubu ikiwa laini mno, ikunje mara mbili. Ikague kila wiki. Ikionyesha ufa, tupa, isije ikakatika ikakupiga usoni.

Kwa pumzi, tafuta sehemu tambarare: maegesho ya mtaa Jumapili asubuhi kabla magari hayajarudi, uwanja wa shule, au ua wa kanisa. Njia nyingi za miguu jijini zimekatwa na mitaro, vibanda na pikipiki zilizoegeshwa, na sitamwambia mtu ahatarishe maisha yake pembeni ya Jogoo Road kwa ajili ya mazoezi. Ndani ya nyumba, kupiga ngumi hewani dakika mbili, kupumzika moja, mara tano hadi nane, huleta pumzi ya juu vizuri kabisa.

Mambo matatu ya usalama. Jiinue au egemea kando mara kwa mara ili makalio yapate damu, na ukague ngozi kila jioni kwa kioo. Kidonda kimoja hukulaza miezi. Kama uti wa mgongo uliumia katikati ya kifua au juu zaidi, mwili unaweza kushindwa kutoa jasho chini ya jeraha, kwa hiyo epuka jua kali. Na kwa majeraha hayo ya juu, ukipatwa ghafla na kichwa kinachogonga, uso mwekundu na jasho sehemu za mwili zilizo juu ya jeraha, hiyo ni dharura: kaa wima, legeza nguo, angalia kama mpira wa mkojo umejikunja, na utafute msaada mara moja. Presha inaweza kupanda hadi kuua.

Nitajipima uzito vipi kama siwezi kusimama?

Uliza kituo chenye mizani ya kiti cha magurudumu. Ikikosekana, mizani kubwa ya jukwaani inayopima magunia kwenye stoo za nafaka hufanya kazi: pimwa ukiwa kitini, kisha kiti kipimwe peke yake, utoe. Mara hizo mbili kiti kiwe na vitu vile vile. Na ile hesabu ya uzito kwa kimo, ambayo 25 ni uzito uliozidi na 30 ni unene wa kupindukia, haimfai aliyekatwa mguu wala aliyepooza. Wewe tumia futi ya fundi cherehani kiunoni, mara moja kwa mwezi. Kwa wanaume sentimita 102 na kwa wanawake 88 ni alama ya hatari kubwa.

Nilipata kiharusi. Naweza kuanza lini?

Ukiruhusiwa na wanaokutibu, mapema ni bora. Pima presha kabla ya kila zoezi. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo usifanye, tafuta huduma. Zoezi la kuinuka kitini linakufaa, mtu akisimama upande wako dhaifu. Fungamanisha vidole vya mikono yote miwili, mkono mzima uubebe ule mwingine kuelekea juu ya meza na kurudi. Usiuvute mkono dhaifu kwa nguvu wala kuruhusu mtu akuinue kwa kuushika. Bega lake hutoka kwa urahisi.

Na mgongo?

Maumivu ya kawaida ya kiuno hupungua kwa kutembea kidogo kidogo kuliko kwa kulala kitandani. Epuka kuinama na kujipinda ukiwa umebeba mtungi. Lakini ukipoteza hisia sehemu za siri, ukashindwa kuzuia mkojo au choo, au miguu ikidhoofika ghafla, usingoje asubuhi.

Nina sukari na najidunga insulini. Kuna hatari?

Ipo, na ni ya sukari kushuka. Insulini na vidonge kama glibenclamide vinaendelea kuishusha hata ukiwa umepunguza chakula na kuongeza mazoezi. Kabla ya kubadilisha sahani, ongea na kliniki ili dozi ipangwe upya, usiikate mwenyewe. Pima kabla ya zoezi. Chini ya 5 (mmol/L), kula kitu kwanza. Ukitetemeka, jasho baridi likikutoka, au kipimo kikiwa chini ya 4, kunywa maji yenye vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari na upime tena baada ya dakika 15. Kagua nyayo kila siku, na usifanye mazoezi bila viatu.

Huenda dawa ndizo zinazoninenepesha?

Inawezekana. Insulini, prednisolone, olanzapine, valproate ya kifafa, amitriptyline na sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu zote zinajulikana kuongeza uzito kwa baadhi ya watu. Uliza kama kuna mbadala. Kuacha ghafla dawa ya kifafa au prednisolone kunaweza kukugharimu maisha, kwa hiyo swali lije kwanza.

Chai za kupunguza tumbo na sindano za kupunguza uzito je?

Chai nyingi ni za kuharisha. Unapoteza maji na chumvi, mizani inashuka siku mbili, mafuta yamebaki. Baadhi ya vidonge "vya mitishamba" vimekutwa duniani na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Mwenye presha asiviguse.

Sindano za semaglutide ni dawa ya kweli na husaidia, lakini ni ya kuandikiwa na daktari na kufuatiliwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu semaglutide bandia zilizokamatwa katika nchi kadhaa. Usinunue kwa mtu wa mtandaoni anayeleta kwa bodaboda. Na anayeitumia bado anahitaji yale mazoezi ya nguvu, la sivyo misuli huondoka pamoja na mafuta.

Naishi ghorofa ya nne, hakuna lifti, jimu sina pesa. Mazoezi kiasi gani yanatosha?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawapa watu wazima wenye ulemavu lengo lile lile la wengine: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mwongozo huo huo unasema kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa, na mimi nasimama hapo. Dakika tano leo. Wiki ijayo saba.

Chupa ya lita moja ikijaa maji ni kilo moja mkononi. Tyubu ya baiskeli nimeieleza. Kiti unacho. Chagua siku tatu za nguvu, na siku nyingine piga ngumi hewani au piga hatua ukiwa umekaa huku redio inacheza. Ngazi, kama zinaumiza goti, usizifanye kuwa zoezi. Panda na mguu mzima, shuka na mguu mbovu, shika reli.

Nikianza kukonda watu wanasema ninaumwa. Mama naye anaona nakataa chakula chake.

Hili huvunja mipango mingi kuliko njaa. Kwetu kunenepa bado ni kuonekana una amani, na ukikonda majirani wanakuulizia kwa sauti ya chini. Sema mapema, tena wazi: "Mama, daktari amesema goti langu litapona nikipungua. Nisaidie." Akiombwa msaada atalinda sahani yako kuliko wewe. Muombe apunguze mafuta kwenye sufuria ya wote, maana kupikiwa kando huchosha na hujenga unyonge. Kwenye chama au harusi, pakua mwenyewe, anza na kachumbari na nyama, na ukae mbali na meza ya chakula. Shosho akikuongezea, pokea, shukuru, kula taratibu. Mlo mmoja haujawahi kumnenepesha mtu.

Mizani imekwama.

Mwili mwepesi hutumia chakula kidogo, kwa hiyo kukwama hutokea kwa kila mtu. Rudi kwenye kijiko cha mafuta na sukari ya chai, kwa kawaida ndivyo vimepanda kimyakimya. Kama kiuno kinapungua na unainuka kitini kwa urahisi, endelea tu.

Niende wapi Nairobi?

Kitengo cha fiziotherapia kipo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Mbagathi na Mama Lucy Kibaki. Walioumia uti wa mgongo wana hospitali yao ya kitaifa ya rufaa Lenana Road. Shirika la watu wenye ulemavu wa viungo, APDK (Association for the Physically Disabled of Kenya), lililoanzishwa mwaka 1958, liko Waiyaki Way na hutengeneza viti vya magurudumu. Kiti kisichokutosha huharibu bega na ngozi, kwa hiyo anzia hapo kama chako ni cha kuazima. Nenda kwanza hospitali kabla ya zoezi lolote ukiwa na maumivu ya kifua, pumzi inayokata ukiwa umekaa, kuzimia, au mguu mmoja uliovimba ghafla kwenye shavu la mguu.

Beba orodha ya dawa zako zote, na karatasi uliyoandika kila ulichokula na kunywa kwa siku mbili, chai ikiwemo. Omba pia uonane na mtaalamu wa lishe siku hiyo hiyo, usilipe nauli mara mbili.